Reli ya Fukui na Hesabu ya Hasara

Mwezi wa Aprili 2022 kampuni ya reli ya magharibi mwa Japani, JR West, ilitangaza hadharani hasara za vipande 30 vya njia zake za mikoani, vyenye abiria wachache mno. Tangu hapo mjadala umepamba moto nchini humo: njia isiyojilipia iachwe au ibakizwe? Mwaka 2023 sheria ilirekebishwa, na serikali kuu ikapewa uwezo wa kuunda mabaraza ya kuwakutanisha wenye reli na viongozi wa mikoa ili waamue hatima ya njia za namna hiyo.

Kabla mabaraza hayo hayajakata shauri, yafaa wajumbe wake wautazame mkoa wa Fukui, ulioko kando ya Bahari ya Japani. Huko swali hilo lilikwisha kujibiwa, na jibu lilipatikana kwa taabu ya wananchi wenyewe.

Njia za Fukui zilikuwa mali ya kampuni ya Keifuku. Moja ilipanda bondeni hadi Katsuyama, nyingine ilielekea pwani hadi Mikuni. Kadiri magari ya binafsi yalivyoongezeka, ndivyo abiria walivyopungua. Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 17 Desemba 2000 treni moja ilikatikiwa breki, ikagongana na nyingine, na dereva akafariki. Tarehe 24 Juni 2001, kabla ya kutimia miezi saba, treni mbili ziligongana tena baada ya dereva kupita ishara ya kusimama. Njia hiyo haikuwa na mitambo ya kuisimamisha treni yenyewe katika hali kama hiyo. Serikali ikaamuru treni zote zisimame.

Mabasi yaliletwa badala yake, lakini hayakutosheleza haja. Barabara zilisongamana. Theluji ilipoanguka, mabasi yalichelewa na wanafunzi wakachelewa masomo. Wazee wasio na magari walipata shida ya kutoka majumbani. Hata wale ambao hawakupata kupanda treni maishani mwao waliathirika, kwani abiria wote wa reli walikuwa sasa wamehamia katika barabara ile ile moja. Ndipo ilipodhihirika kwamba reli ilikuwa ikimfaa hata asiyelipa nauli, na kwamba faida hiyo haikupata kuandikwa katika daftari la kampuni.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mwezi wa Septemba 2002 iliundwa kampuni mpya, Reli ya Echizen, kwa ubia wa halmashauri za miji na watu binafsi. Mkoa ulibeba gharama za njia na mitambo, na miji ikakubali kuziba upungufu wa uendeshaji. Kati ya Julai na Oktoba 2003 treni zilirudi, safari hii zikiwa na mitambo ya usalama, nauli nafuu, na wahudumu wa kuuza tiketi na kuwashika mkono wazee wakati wa kupanda. Baadaye abiria walizidi milioni 3 kwa mwaka.

Hatusemi kwamba kila reli ihifadhiwe kwa gharama yoyote. Fukui yenyewe iliiacha tawi la kwenda hekalu la Eiheiji, nalo likafutwa mwaka 2002; siku hizi mahujaji hupanda basi. Wala njia zilizobaki hazikuwa migodi ya fedha. Zimeendelea kuhitaji ruzuku.

Tunalosisitiza ni kwamba hesabu iwe kamili. Barabara haiulizwi imeingiza faida kiasi gani, wala shule haifungwi kwa sababu haikuleta gawio. Mwenye kutaka kuifunga reli aonyeshe kwanza wanafunzi, wagonjwa na wazee watasafiri kwa njia gani siku ya theluji, na nani atakayelipa. Wananchi wa Fukui walilijua jibu baada ya miaka miwili ya adha. Wengine hawana haja ya kungoja ajali ndipo wajifunze.