Tiba ya Kiharusi Haiishii Mlangoni mwa Hospitali

Mtu akipatwa na kiharusi, jamaa na majirani humkimbiza hospitali. Wakishaambiwa kuwa maisha yake yamesalimika, humshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Hapo ndipo kosa letu linapoanza. Kuokoa maisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudishia mtu huyo mkono wake, mguu wake na ulimi wake.

Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kukosa damu haifufuki. Lakini sehemu iliyo hai yaweza kufunzwa kazi iliyopotea, na mafunzo hayo hayana njia ya mkato: ni kugeuka kitandani, kuketi, kusimama, kupiga hatua na kushika kikombe, leo na kesho na keshokutwa. Miezi ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa. Haba na haba hujaza kibaba. Bali kibaba hakijai iwapo mgonjwa humwona mtaalamu wa fiziotherapia mara moja, kisha basi.

Tuchukue mfano wa mwalimu aishiye Pasiansi, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege wa Mwanza. Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko kilimani, upande wa pili wa mji. Mwalimu huyu anayo kadi ya Bima ya Afya, mfuko ambao watumishi wa serikali wameuchangia tangu mwaka 2001. Lakini kadi hailipi nauli ya daladala, wala haimshiki mkono mwenye mguu mzito apandapo gari. Kila safari yamtaka ndugu aache kazi yake amsindikize. Wiki ya kwanza huenda, ya pili hukosa, ya tatu hukata tamaa. Huo si uvivu, ni umbali.

Kwa hiyo hapana budi huduma imfuate mgonjwa. Kwanza, wataalamu wapangiwe siku maalumu za kuzuru vituo vya afya vilivyo karibu na makazi ya watu. Mazoezi mengi hayahitaji mitambo ya fedha nyingi. Godoro, kiti imara na fito za kushikilia zatosha kuanzia. Pili, jamaa wafundishwe kabla mgonjwa hajatoka wodini. Wajue, kwa mfano, kwamba mkono uliopooza hauvutwi wakati wa kumwinua, maana bega huumia. Tatu, ofisi na shule zimpokee mtumishi aliyepata nafuu kwa kazi aiwezayo, badala ya kuharakisha kumstaafisha. Mwalimu asiyeweza kuandika ubaoni bado aweza kufundisha.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza mafunzo ya redio, kisha wakachimba vyoo kwa mikono yao. Taifa lilijifunza kuwa afya hujengwa pale watu wanapoishi. Somo hilo halijazeeka. Aliyeangukia Pasiansi asaidiwe kusimama Pasiansi.