Faini ya kuchelewesha ushuru: Ulipe au upinge?

MAKATAA ya kuwasilisha fomu za ushuru wa mapato nchini Kenya ni Juni 30 kila mwaka. Mtu binafsi anayechelewa hutozwa na Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kikubwa zaidi kati ya hivyo viwili.

Mkulima aliyechelewa kweli hana faida katika kupinga. Pingamizi kwa KRA halina ada, lakini likikataliwa itambidi aende kwa Jopo la Rufaa za Ushuru, ambako ada ni Sh20,000 na hairudishwi. Ili asilimia 5 ifikie kiasi hicho, ushuru wake lazima uwe Sh400,000. Wauza mboga wengi hawajafika huko.

Mambo hubadilika faini inapokuwa ya makosa, kwa mfano kwa mfanyabiashara aliyewasilisha fomu mapema na ana stakabadhi ya iTax. Huyo aandike pingamizi katika muda wa siku 30 tangu apokee notisi, na kuambatisha stakabadhi hiyo. KRA ina siku 60 za kuamua.

Kusubiri msamaha ni bahati nasibu. Ule ulioanza Desemba 2024 ulifungwa Juni 30, 2025, na aliyeutaka alilazimika kulipa ushuru wenyewe. Wakati huo wote, deni lisilolipwa huongezeka kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi.