Punguzeni Makofi, Acheni Maji

Nimechoka na neno "hamasa". Kila msimu wa mbio ukifika, picha ya mzee mwenye mvi, namba kifuani na jasho usoni, huanza kuzunguka kwenye simu zetu, na chini yake vijana wenye digrii zao huandika kwa zamu: hamasa, hamasa, hamasa. Hakuna anayeuliza alimaliza kwa muda gani. Hakuna anayeuliza kama alipofika kilomita ya 17 alikuta maji. Mzee keshatufanyia kazi tuliyompa, ya kutufanya tujisikie vibaya kidogo tukiwa kwenye makochi yetu, na kazi hiyo ikiisha tunamwacha barabarani.

Nasema hivi nikiwa na miaka 26, nasoma shahada ya uzamili, na nikijua kuwa wengi mnaosoma hapa ni rika langu. Waandaaji wa mbio hizi, watangazaji wake, wapiga picha wake na wagawa maji wake pia ni rika letu. Ugomvi wangu ni wa nyumbani.

Nusu marathon ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Mwenye miaka 20 na mwenye miaka 65 wanaikimbia ile ile, kwenye lami ile ile, na wanalipa ada ile ile. Tofauti iko kwenye jua. Wakimbiaji wa mbele humaliza kwa saa moja na ushee, hata kivuli cha nguzo ya umeme bado kirefu. Mtu wa makamo anayekimbia kwa kupenda tu atatumia saa mbili na nusu, tatu, wakati mwingine zaidi, na zile kilomita za mwisho atazikimbilia kwenye jua la kuchoma, hasa kama mji wenyewe ni Dar es Salaam. Tena mwili wake unafanya kazi hiyo kwa masharti magumu zaidi. Kasi ya juu ya mapigo ya moyo hushuka kadiri umri unavyokwenda, uwezo wa kutumia oksijeni hupungua, misuli hupotea polepole hata kwa mtu anayefanya mazoezi. Na kuna jambo moja ambalo waandaaji walipaswa kulijua kabla hata ya kuchagua rangi ya fulana: hisia ya kiu hufifia uzeeni. Mwili wa mzee hukaukiwa kabla mwenyewe hajahisi kiu. Kwa maneno mengine, anayekaa juani muda mrefu kuliko wote ndiye ambaye mwili wake unachelewa kuliko wote kumwambia anywe. Kama kuna meza moja ya maji isiyotakiwa kuondolewa mapema, ni ile ya kwake.

Shangazi yangu ana miaka 61. Alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kama kuna kitu alikipenda katika kazi ile kuliko chaki, ni kuongoza mchakamchaka wa asubuhi. Alipofika miaka 57 alijiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwao, zile klabu za Jumamosi alfajiri ambazo mmeshazilaani mkiwa kitandani kwa sababu ya filimbi na nyimbo. Huko hakuna mtu wa mwisho. Mwendo wa kundi ni mwendo wa wimbo, na anayeweza kuitikia yumo. Raba zake alizinunua Karume, za mtumba, baada ya kuzikunja na kuzinusa kwa nusu saa. Ndugu walisema walichosema. Mtu mzima hovyo. Anatoka na taiti. Atavunjika nyonga tuanze kuchangishana. Yeye aliwaacha waseme, akaongeza kilomita.

Mwaka jana tulijiandikisha pamoja kwenye nusu marathon moja hapa mjini. Tangazo lilikuwa wazi: kuanza saa 12 kamili asubuhi, barabara na huduma hadi saa tatu na nusu. Shangazi alipiga hesabu zake kwenye daftari, kama mwalimu: dakika nane na nusu kwa kila kilomita, saa tatu kasoro kidogo, muda unatosha na unabaki. Mpango wake haukuwa na kosa.

Kilichotusumbua mwanzoni kilikuwa heshima. Kila kijana aliyempita alimwamkia, na nilihesabu shikamoo kumi na nne kabla sijaacha kuhesabu. Mnajua shikamoo haiachwi ikaanguka chini, lazima iitikiwe. "Marahaba" ina silabi nne, na mtu anayepanda mwinuko hana silabi nne za kugawa. Lakini aliitikia zote, maana ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyolea wengine, na kila moja niliisikia ikitoka na kipande cha pumzi yake. Mmoja alirudi nyuma kabisa ili ajipige picha naye huku akikimbia. Akamkumbatia bega, akasema, "Mama unatisha!", akaondoka.

Saa mbili na dakika 25 tukafika kilomita ya 17. Meza ilikuwa imekunjwa. Vijana wawili wenye fulana za waandaaji walikuwa wanapakia katoni kwenye pikapu, katoni zenye maji, si tupu. Mmoja akamwona shangazi, akaacha katoni, akapiga makofi. "Safi sana mama! Umebakiza kidogo!" Kisha akaendelea kupakia. Nilipomwambia kwamba muda haujaisha, kwamba imebaki zaidi ya saa nzima, alinitazama kwa upole wa mtu anayeeleweshwa jambo lisilo lake. Walikuwa wameambiwa wafungashe kundi kubwa likishapita. Chupa za karibu zilikuwa zimeshawekwa chini kabisa ya mzigo.

Maji tuliyapata kwa Mangi, ng'ambo ya barabara. Hatukuwa na hela wala simu. Mangi alitazama namba zetu, akafungua friji, akatoa chupa mbili. "Chukua mama, utaleta siku yoyote." Hakupiga makofi. Alikuwa anahesabu chenji ya mtu mwingine.

Tulimaliza saa tatu na dakika mbili. Kwenye utepe mtangazaji alimwona mbali, akapandisha sauti: jamani, makofi kwa bibi yetu, vijana mko wapi, bibi anawashinda! Shangazi hana mjukuu hata mmoja. Wala hakuwa amemshinda mtu: maelfu walishafika, wengine walishaoga. Ule ulikuwa uongo, na ulisemwa kwa mapenzi, na mimi mapenzi ya namna hiyo ndiyo yanayonikera kuliko kejeli za ndugu. Ndugu waliosema atavunjika nyonga angalau walikuwa wanamzungumzia yeye. Mtangazaji alikuwa anawazungumzia vijana, na shangazi alikuwa fimbo tu ya kuwachapia. Saa tatu za kazi ya mwanamke, kwa hesabu iliyopangwa kwenye daftari na kutimia karibu kwa dakika, zikageuzwa swali kwa watu wengine: ninyi mna kisingizio gani?

Na sisi ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kufanya hivi. Picha ya mbio inayojulikana kuliko zote katika historia ya nchi hii ni ya mtu wa mwisho. John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, aliingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathon. Alimaliza wa 57, na hakuna aliyemaliza nyuma yake. Mashabiki wengi walishaondoka. Tunamfundisha shuleni, tunamtaja kwenye hotuba, tunamweka kwenye mabango. Lakini tunasahau jambo dogo la kiutendaji: ile picha ipo kwa sababu kulikuwa na kamera zilizobaki na utepe uliobaki. Angekimbia kwetu leo, saa ya utepe ingekuwa imeshazimwa na turubai linakunjwa.

Kisha kuna matokeo. Siku ya pili yalitoka kwenye intaneti, wanaume jedwali moja, wanawake jedwali moja, basi. Shangazi yuko huko chini, anafuatana na mabinti waliotembea nusu ya njia wakipiga picha. Kwa jedwali hilo hakuna namna ya kujua kwamba alikimbia hatua zote. Duniani jambo hili lina ufumbuzi wa siku nyingi. Riadha ya wakongwe ina makundi ya miaka mitano mitano kuanzia 35, na ina majedwali yanayolinganisha muda wako na kiwango bora cha umri na jinsia yako, ukapata asilimia. Fomu ya kujiandikisha tayari inauliza tarehe ya kuzaliwa. Nilidhani wanaiuliza kwa ajili ya hili. Kumbe ni kwa ajili ya bima.

Niseme wazi, hata kwa majedwali hayo shangazi si bingwa. Bingwa alikuwa Ed Whitlock wa Kanada, aliyekimbia marathon nzima kwa saa 2:59:10 mwaka 2003 akiwa na miaka 72, mtu wa kwanza mwenye miaka 70 na zaidi kushuka chini ya saa tatu, kisha mwaka uliofuata akaishusha hadi 2:54:48. Mazoezi yake aliyafanya kwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, saa kwa saa. Namtaja kwa sababu moja tu: habari zake huwa na namba. Mtu akimzungumzia Whitlock, huanza na muda. Huo ndio utu ninaoudai kwa mkimbiaji mzee wa kawaida, kwamba aulizwe muda wake, na muda ukiwa mbaya aambiwe ni mbaya.

Nimeshajibiwa kwamba barabara haiwezi kufungwa siku nzima. Sawa. Hakuna aliyeomba siku nzima. Saa tatu na nusu ilitangazwa na wao wenyewe, na kwa tangazo hilo walichukua hela. Kama uwezo ni saa mbili na robo, waandike saa mbili na robo, shangazi atafute mbio nyingine.

Jibu la pili huwa la upole zaidi, na ndilo baya zaidi: wazee si wakimbie zile kilomita tano? Wanaolisema hawajawahi kusema hivyo kwa kijana mnene anayekimbia nusu marathon ya kwanza kwa saa tatu na robo. Huyo wanamwita shujaa. Na wakibanwa hukimbilia afya, magoti, moyo. Apime presha kabla, ndiyo, na apumzike siku nyingi zaidi baada ya mbio kuliko mimi. Shangazi anafanya yote mawili. Lakini watafiti wa Stanford walianza mwaka 1984 kufuatilia wakimbiaji wenye miaka 50 na zaidi, pamoja na wenzao wasiokimbia. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2008, baada ya miaka 19 asilimia 34 ya wasiokimbia walikuwa wamefariki, na asilimia 15 ya wakimbiaji. Sehemu ya tofauti hiyo bila shaka ni kwamba wenye afya ndio wanaoweza kukimbia tangu mwanzo, kwa hiyo sitaiuza kama dawa. Inatosha kuwanyamazisha wanaozungumza kana kwamba mwanamke wa miaka 61 barabarani ni ajali inayosubiri kutokea.

Shangazi alimpelekea Mangi hela yake Jumatatu. Mwaka huu amejiandikisha tena, mbio zile zile, kwa ukaidi ninaoupenda. Kabla ya kulipa aliwaandikia waandaaji ujumbe mfupi, kwa Kiswahili cha barua rasmi: anaomba kufahamishwa meza ya maji ya kilomita ya 17 itaondolewa saa ngapi. Jibu lilikuja jioni. Fulana za mwaka huu ni za rangi ya chungwa, na saizi zote zipo.