Tusihesabu Miti Peke Yake

Wengi wetu hapa shuleni tumezoea kusema kwamba penye miti mingi pana faida tupu. Mara nyingi maneno hayo ni kweli. Lakini nina maoni mengine juu ya misitu fulani ya kaskazini mwa Ulaya, nami naomba mnisikilize kabla ya kunipinga.

Katika nchi ya Ufini, karibu theluthi moja ya ardhi ilikuwa vinamasi vya mboji. Mboji hiyo ni mabaki ya mimea ambayo hayakuoza sawasawa, kwa sababu maji yalizuia hewa isiyafikie. Huongezeka polepole sana, kama milimita moja kwa mwaka. Basi tabaka la mita mbili ni kazi ya miaka 2,000. Katika karne ya 20 watu walichimba mifereji, wakakausha hekta karibu milioni 5 ili wapate miti.

Maji yalipopungua, mti uitwao betula uliingia. Mbegu zake ni nyepesi, zina mabawa, nazo hupeperushwa na upepo. Zikiangukia udongo mtupu wenye unyevu huota kwa wingi kama nyasi, bila kupandwa na mtu. Mizizi ikipata hewa, mti hukua upesi na kujenga shina lake kwa kaboni iliyotoka hewani. Baada ya miaka kama 40 msitu huweza kukatwa.

Hapo wenye kusifu husema, "Tazameni akiba!" Nami nauliza, je, chini kuna nini? Hewa ile ile iliyosaidia mizizi huiozesha mboji, na kaboni ya maelfu ya miaka hurudi angani. Tena betula hustawi zaidi penye rutuba, na hapo ndipo mboji huoza upesi zaidi. Shina likiwa kuni au karatasi, akiba yake haidumu. Na mboji ikipotea, hata wajukuu wetu hawataiona ikirudi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi betula ing'olewe. Msitu uliokwisha kuota ni afadhali kuliko mboji kavu iliyo tupu. Tena miti mikubwa yenyewe hunywa maji mengi, hata si lazima mifereji ichimbwe upya kila mara. Nisemalo ni kwamba vinamasi vilivyobaki viachiwe maji yake.

Wala jambo hili si la Ulaya tu. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba katikati ya bonde la Kongo kuna vinamasi vya mboji vyenye eneo la kilometa za mraba 145,500 hivi, na kaboni yake yakadiriwa kuwa tani bilioni 30. Yeyote atakayeshauri vikaushwe, kwa mashamba au kwa miti, yampasa kwanza atuonyeshe hesabu zote mbili: ya juu ya ardhi na ya chini yake.