Kilomita 200 za Tangazo na Milima ya Ngara



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, kamati ya msikiti wetu ilikaa kujadili fedha ambazo waumini wamezichanga kwa muda mrefu ili lipatikane gari dogo la kuwapeleka wagonjwa hospitali na kuwafikisha walimu wa madrasa vijijini. Kijana mmoja akatuonyesha kwenye simu tangazo la gari la umeme aina ya Nissan Leaf, lililokwisha kutumika Japani, ambalo sasa linauzwa Dar es Salaam. Chini ya picha pameandikwa: kilomita 200 kwa chaji moja. Mzee wetu mmoja, ambaye hakosi kulalamikia bei ya petroli, akaniambia, "Katibu, andika muhtasari. Tumelipata." Nikamwomba mzee wangu anipe siku chache kabla sijaandika.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Wanaovuka Rusumo wameziona pikipiki za umeme za Kigali, ambako tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria haisajiliwi isipokuwa iwe ya umeme. Na umeme wenyewe hatuutafuti mbali: mitambo ya maporomoko ya Rusumo, hapa hapa mpakani mwetu, ni ya megawati 80, zinazogawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Kilichonikosesha usingizi ni ile namba 200.

Nimekuta kwamba namba hiyo si uongo, lakini si ahadi. Leaf za mwanzo, za mwaka 2010, zilikuwa na betri ya uniti 24, uniti zilezile tunazonunua za LUKU. Wapimaji wa Japani walilipa gari hilo kilomita 200. Wamarekani wakalipima kwa utaratibu wao, wakapata 117. Gari ni moja na betri ni moja. Kilichobadilika ni mwendo, namna ya kukanyaga na mazingira ya kipimo. Basi kabla ya kuuliza gari linafika wapi, lazima tuulize linafika wapi katika hali gani.

Hali ya hewa ina sehemu yake. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme. Katika joto la nyuzi 35 huku kiyoyozi kikifanya kazi, masafa yalipungua kwa wastani wa asilimia 17. Katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, huku kipasha joto kikiwashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Baridi ya namna hiyo haitufiki, alhamdulillah. Ya kwetu huishia kwenye sweta. Joto nalo lina madhara mengine ya polepole, kwani huizeesha betri. Leaf hizo za mwanzo hazina mfumo wa kuipoza betri yao kwa maji, na mwaka 2012 wenye magari hayo katika jimbo la Arizona, lenye joto la jangwani, walilalamika kuwa betri zao zimepungua nguvu mapema mno. Katika hilo, sisi wa milimani tuna nafuu kuliko ndugu zetu wa pwani. Mtihani wetu ni masika. Tairi linalokokota katika tope la udongo mwekundu hula umeme mwingi kuliko linalobingirika juu ya lami kavu, na dereva aliyefunga vioo kwa ajili ya mvua atahitaji kiyoyozi ili kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.

Lakini mvua hupita, milima ya Bugufi na Bushubi haipiti. Gari lenye uzito wa tani 2 pamoja na abiria wake, kila linapopanda mita 100 kwenda juu, hutumia zaidi ya nusu uniti kwa kuunyanyua uzito huo tu, mbali na umeme wa kwenda mbele. Wanaosifu magari haya husema kwamba katika mteremko mota hugeuka jenereta na kuirudishia betri umeme. Ni kweli, ila hurudi sehemu tu, na kuna jambo ambalo sikulitarajia: betri iliyojaa kabisa haina pa kuupokea umeme huo. Mji wetu uko juu, na safari zetu nyingi huanza kwa kuteremka. Dereva akichaji usiku kucha hadi asilimia 100, kisha akateremka alfajiri, umeme wa mteremko ule unapotea bure, naye atarejea kwa kupanda. Heri aache nafasi kidogo.

Kisha kuna mguu wa dereva. Mwendo ukitoka kilomita 80 kwa saa kwenda 110, nguvu ya upepo inayolizuia gari hukaribia kuwa maradufu. Tunawajua madereva wetu, Mungu awahifadhi: hukimbilia tuta kana kwamba hawakuliona jana, kisha hukanyaga breki kwa nguvu zote. Katika gari la umeme, anayeachia mguu mapema huvuna; anayeshika breki ghafla huutupa umeme kama joto. Ongeza tairi lisilojazwa upepo, na wale jamaa watano wanaotaka wote kumsindikiza mgonjwa mmoja.

Nilimwandikia muuzaji nikamwomba picha ya dashibodi, si ya rangi ya gari. Leaf ina mistari 12 inayoonyesha uzima wa betri, nayo hupungua kadiri betri inavyozeeka. Wasomaji mnaikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) katika soko la Madina, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta unyevu, na mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu, watu wauone. Mistari ile ndiyo unyevu wetu, na katika tangazo haikuwekwa juu.

Picha ikaja. Mistari 9.

Maana yake betri imebakiwa na takriban asilimia 70 ya uwezo wake. Tukichukua ile 117 ya Wamarekani, tunapata kilomita kama 80, kabla ya mlima, tope na mguu wa dereva. Barabara ya Rusumo hadi Lusahunga peke yake ni kilomita 92, na mgonjwa wa rufaa hupelekwa mbali zaidi ya hapo, tena usiku.

Kikao cha pili mzee aliisikiliza hesabu yote kimya, kisha akauliza, "Na ustadhi wa madrasa, ambaye hatoki nje ya mji?" Nikamjibu kwamba ustadhi linamtosha, akichaji nyumbani usiku. Akasema, "Lakini waliochanga walimchangia mgonjwa." Wapo waliotaka tununue hivyo hivyo, kwa kuwa bei ni nzuri, wapo waliotaka fedha zisubiri. Katika muhtasari nimeandika: manunuzi yameahirishwa, gari la kukodi la wagonjwa linaendelea, na katibu atafute Leaf ya kuazima, ipakiwe watu wanne, iteremke hadi Rusumo na kupanda tena siku ya mvua.