Anayekosa Ukurasa Ajibiwe kwa Kiswahili

Mzazi atokaye Magoma hadi Korogwe mjini, akaingia steshenari kuchapishiwa fomu ya mwanawe ya kujiunga na shule, aghalabu hana haja nyingine na tovuti ya halmashauri ila ukurasa mmoja wa fomu hiyo. Na pale mwenye duka anapobofya kiungo, kioo kikatoa maneno ya Kiingereza, namba 404, na chini yake jina la seva, Apache Tomcat, pamoja na toleo lake, mzazi yule hana namna ya kufahamu kama fomu imefutwa, imehamishwa, au ni anwani iliyokosewa.

Namba yenyewe haina lawama. Imo katika kanuni za mtandao zilizochapishwa mwaka 1996, na maana yake ni kuwa seva imefikiwa lakini kilichoombwa hakikuonekana. Lawama ni ya fundi aliyeiacha seva ijibu kwa niaba yake, ilhali katika programu ya Java dawa ni mistari michache ndani ya faili la web.xml, inayoitaja 404 na ukurasa wa kuonyeshwa. Na atumiaye mfumo wa Spring Boot huweka tu faili la 404.html katika folda ya error. Wala asidhani ni ihsani kumrudisha kila mtu ukurasa wa mwanzo, kwani hapo mtu huishia kupewa jibu la 200, yaani hakuna kilichoharibika, na huo si ukweli. Ukurasa uliohama unastahili 301, impeleke msomaji ulipo. Uliofutwa kabisa, 410.

Kwa Handeni na Korogwe jambo hili lina uzito zaidi, maana kila moja ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, zenye majina yanayolandana, na Kilindi nayo ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mfanyabiashara wa Mkata, ambayo iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, si ajabu akaangukia tovuti ya Mji. Basi ukurasa wa kumjibu umwambie hivyo kwa Kiswahili fasaha, umpe kiungo cha halmashauri jirani, na namba ya simu inayopokelewa.

Kabla mfumo haujapokewa na kulipiwa, ofisa TEHAMA na aandike kwa makusudi anwani isiyokuwepo, atazame anachojibiwa. Na akijibiwa na Tomcat kwa Kiingereza, asitie saini.