Wanasiasa hupatana, maneno yao ya kampeni husalia mashinani

JANUARI 2022, katika mkutano wa hadhara mjini Eldoret, Bw Mithika Linturi, wakati huo akiwa Seneta wa Meru, aliwahimiza wafuasi wa Dkt William Ruto waondoe "madoadoa" katika eneo hilo. Alikamatwa, akaomba radhi na kusema hakuwa na nia ya kuchochea jamii yoyote. Kabla ya mwaka huo kwisha, alikuwa ameapishwa kuwa Waziri wa Kilimo.

Kwa mgeni, doa ni doa tu. Kwa wakazi wa Uasin Gishu neno hilo lina makovu. Lilitumika katika ghasia za miaka ya 1990 na tena katika uchaguzi wa 2007, likimaanisha watu wa jamii nyingine walioonekana kuwa wageni wanaostahili kung'olewa. Januari 1, 2008, katika kijiji cha Kiambaa karibu na mji huo huo wa Eldoret, kanisa lilichomwa likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Kisa cha neno hilo moja kinafichua kasoro kubwa ya siasa za urais nchini Kenya. Vigogo hurushiana cheche za maneno, kisha huungana. Maneno yenyewe hayaungani na yeyote. Hubaki kule yalikotamkwa.

Miungano haikuzaliwa kwa mapenzi, ilizaliwa kwa hesabu. Tangu 1992 sheria ilimtaka mshindi wa urais apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Katiba ya 2010 iliongeza masharti: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Hakuna jamii moja inayoweza kufikisha idadi hiyo peke yake. Anayemezea mate Ikulu hana budi kubisha hodi katika ngome ya mwenzake.

Ingetarajiwa basi kwamba mtu anayejua atamhitaji mwenzake kesho atauchunga ulimi wake leo. Kinyume chake ndicho hutokea, na sababu yake haiko mbali. Wanasiasa ambao wamewahi kula sahani moja hukosa cha kubishania wanapotengana. Sera zao ni zile zile, rekodi yao ni ile ile, na kashfa za serikali waliyoitumikia pamoja huwagusa wote. Kinachobaki ni kumchafulia mwenzako jina, na nyuma yake, jamii yake.

Uchaguzi wa 2002 unaonyesha hali inapokuwa tofauti. Oktoba 14 mwaka huo, katika bustani ya Uhuru Park, Bw Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha", na muungano wa NARC ukawa na sura ya taifa zima. Mpinzani wao, Bw Uhuru Kenyatta, aliitwa "mradi wa Moi", lakini matusi hayakupata mahali pa kujishikiza kikabila kwa kuwa wagombea wawili wakuu walitoka jamii moja. Bw Mwai Kibaki alishinda kwa takriban asilimia 62, na akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu kufuatia ajali ya barabarani.

Kilichouvunja muungano huo ni karatasi. Mrengo wa LDP ulidai kwamba mkataba wa maelewano uliwaahidi nusu ya baraza la mawaziri na wadhifa wa waziri mkuu. Mkataba huo haukuwa na nguvu za kisheria, nao waliokwisha kuingia Ikulu hawakuona haja ya kuutimiza. Katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005 mawaziri wa serikali moja walisimama kwenye majukwaa tofauti, hawa wakiwa na nembo ya ndizi, wale ya chungwa. Chungwa lilishinda, na Rais akalivunja baraza lake.

Hivyo kampeni za 2007 zilikuwa vita vya ndugu waliogombania urithi. PNU na ODM zote ziliahidi elimu ya sekondari bila karo. Tofauti kubwa iliyosikika, ile ya majimbo, haikujadiliwa kama suala la kugawa mamlaka na fedha. Katika ngome za PNU ilielezwa kama njama ya kuwafukuza watu mashambani mwao. Katika baadhi ya ngome za ODM ilipokelewa kama ahadi ya jambo hilo hilo. Kando yake ikazagaa kauli ya "41 dhidi ya moja", yaani makabila yote ya nchi dhidi ya moja tu.

Kisha kukazuka mkataba bandia. Agosti 2007 Bw Odinga alikuwa ametia saini makubaliano na viongozi wa Kiislamu wa baraza la NAMLEF. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli: mapema mwaka huo washukiwa, wakiwemo Wakenya, walikuwa wamekamatwa na kupelekwa Somalia na Ethiopia bila kufikishwa mbele ya hakimu. Lakini hati iliyosambazwa miongoni mwa Wakristo ilidai kwamba mgombea huyo ameahidi kuleta sheria za Kiislamu. Mkataba halisi ulipochapishwa mwezi Novemba na kuonyesha kwamba ahadi hiyo haikuwemo, uwongo ulikuwa umekwisha kuzunguka makanisani. Mwislamu wa Mombasa au Garissa aliyelilia haki yake mahakamani akajikuta amegeuzwa kitisho.

Ujumbe mfupi wa simu na redio za lugha za kiasili zilifanya kazi iliyobaki. Matokeo yalipotangazwa Desemba 30, Bw Kibaki akipewa kura 4,584,721 na Bw Odinga 4,352,993, tayari kila jamii ilikuwa imeambiwa adui yake ni nani na anaishi nyumba ya ngapi. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makwao.

Februari 28, 2008 viongozi hao wawili walipeana mikono mbele ya Bw Kofi Annan. Aprili ikazaliwa serikali ya mseto yenye mawaziri 40. Nyadhifa zilitosha kila kambi. Waliokuwa kwenye mahema ya wakimbizi Nakuru na Nyandarua hawakuwa sehemu ya mgao, na baadhi yao walikaa humo kwa miaka.

Uchaguzi wa 2013 ulileta muungano ambao ungeonekana kichekesho miaka mitano kabla yake. Bw Kenyatta na Dkt Ruto, waliokabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu ghasia ambamo jamii zao zilipigana, waliungana katika Jubilee na kushinda kwa asilimia 50.07. Ni haki kukiri kwamba Bonde la Ufa lilitulia. Hata hivyo, utulivu huo uliegemea mapatano ya watu wawili, na chuki ilihamishiwa upande mwingine tu.

Mwaka 2017 ilihamia mtandaoni. Video moja ilichora Kenya ya kubuni iliyozama katika njaa na ugaidi chini ya utawala wa Bw Odinga. Shirika la Privacy International lilifuatilia kampeni hiyo hadi kwa kampuni ya Harris Media ya Texas. Mwaka uliofuata afisa wa Cambridge Analytica alinaswa na kamera ya siri akijigamba jinsi kampuni yake ilivyoendesha kampeni za Bw Kenyatta. Matusi ya Kenya yalikuwa yamekuwa biashara ya kimataifa.

Agosti mwaka huo, mjini Kisumu, mtoto mchanga wa miezi sita alifariki baada ya kupigwa kichwani polisi walipovamia nyumba ya wazazi wake wakati wa msako wa waandamanaji. Machi 9, 2018 Bw Kenyatta na Bw Odinga walisalimiana kwenye ngazi za Harambee House, na nchi ikapata msamiati mpya: handisheki.

Kufikia 2022 gurudumu lilikuwa limezunguka. Bw Kenyatta, "mradi" wa 2002, alishutumiwa kwa kumfanya Bw Odinga mradi wake, na aliyeongoza shutuma hizo alikuwa Dkt Ruto, aliyempigia debe mradi ule wa kwanza. Bw Musalia Mudavadi na Bw Moses Wetang'ula, washirika wa zamani wa Bw Odinga, walikuwa upande wa Dkt Ruto, aliyeshinda kwa asilimia 50.49.

Halikukawia kuzunguka tena. Bw Rigathi Gachagua alipokuwa Naibu Rais aliifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, akimaanisha waliopiga kura upande wa Kenya Kwanza. Kauli hiyo ikawa miongoni mwa hoja za kumng'oa mamlakani Oktoba 2024, na waliomwondoa ni pamoja na wenzake waliomshangilia alipoitoa. Miezi mitatu kabla ya hapo viongozi wanne wa ODM walikuwa wametajwa kuwa mawaziri. Naye Bw Gachagua akajongea kwa Bw Kalonzo Musyoka, ambaye 2022 alikuwa kambi ya mahasimu.

Machi 7, 2025 Rais Ruto na Bw Odinga walitia saini mkataba mwingine katika jumba la KICC, miezi saba kabla ya Bw Odinga kufariki nchini India. Miongoni mwa vipengele vyake kilikuwemo cha fidia kwa waathiriwa wa maandamano. Agosti Rais aliteua jopo la kuishughulikia, kwa waliodhulumiwa tangu 2017. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ilisimamisha kazi ya jopo hilo.